Mtoto kaniuliza kwa nini nimezima katuni, nimekosa jibu

#1 MamaPacha (Morogoro)

Wakuu, za jioni. Kuna jambo linanikereketa tangu Jumamosi.

Wanangu pacha wana miaka saba. Asubuhi walikuwa sebuleni na katuni yao, mimi napepeta mchele. Katuni yenyewe ni ile ya kijana mwenye dada kumi. Siku hiyo rafiki yake anakuja kulala kwao. Mlango unafunguliwa, rafiki anaingia na wazazi wake, baba wawili. Nikanyanyuka na ungo wangu, nikazima.

Binti akaniuliza, "Mama, kwani wamefanya nini?"

Nikasimama pale pale. Hawakuwa wamefanya kitu. Walikuwa wamemleta mtoto, wana wasiwasi naye kama mzazi yeyote anayemwacha mwanawe nyumba ya watu. Na usiku wa kuamkia siku hiyo watoto hao hao walikaa na baba yao wakaona watu wanamiminiana risasi mpaka saa nne, sikunyanyuka.

Naombeni mnisaidie mambo mawili. Kwanza, ni kweli televisheni inabadilisha mtazamo wa watu juu ya mashoga, au watu hubadilika kwa sababu zao na televisheni inafuata? Pili, kwa nini kuona wanaleta mtoto tu kumenishtua kuliko damu? Matusi sitaki. Naomba kuwasilisha.

#2 FundiKisimbuzi

Dada, king'amuzi chako kina sehemu ya kufunga chaneli kwa namba ya siri. Ingia mipangilio, tafuta udhibiti wa wazazi. Dakika mbili umemaliza.

#3 MamaPacha

Asante fundi. Ila swali langu halikuwa la namba ya siri.

#4 Mtaa_wa_Saba

Hiyo katuni si TCRA waliipiga marufuku zamani? Imerudije hewani?

#5 Wakili_Nakuru

Ndugu #4, umechanganya nchi. Aliyepiga marufuku ni Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya, KFCB, Juni 2017. Zilikuwa katuni sita za DStv: The Loud House (hiyo ya MamaPacha), The Legend of Korra, Hey Arnold, Adventure Time, Steven Universe na Clarence. Bodi ilidai zinaeneza ushoga kwa watoto. Mkuu wake wakati huo alikuwa Ezekiel Mutua.

Na sheria inayoipa bodi meno ni ya filamu na michezo ya jukwaani, Sura ya 222, ya mwaka 1962. Imetungwa kabla ya uhuru, kabla ya wengi wetu kuzaliwa, na hadi leo ndiyo inayoamua mtoto wa Nakuru aone nini.

#6 Ustaadh_Tanga

Assalaam alaykum. Mimi naiunga mkono bodi hiyo, na nitasema sababu yangu bila kumtukana mtu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mtoto wa miaka saba hana uwezo wa kuchuja. Akiona jambo mara kumi likiwa la kawaida, kwake litakuwa la kawaida, na hivyo ndivyo watengenezaji wanavyotaka. MamaPacha usijilaumu, mkono wako ulifanya kazi ya mama.

Kuhusu risasi hapo uko sahihi, nazo zimeni.

#7 Kibanda_Umiza

Acha nitoe yangu. Miaka ya 2000 mwanzoni nilikuwa nakata tiketi kwenye kibanda umiza Mbagala, mia moja kiingilio, mabenchi ya mbao, joto kama tanuri. Tulikuwa na mtafsiri wetu pale mtaani, kijana ana sauti, anakaa na maiki pembeni ya deki anatia maneno ya Kiswahili juu ya Kiingereza.

Siku moja ikaingia filamu, wanaume wawili wanakaa nyumba moja, na kila mtu mwenye macho anaona hawa ni wapenzi. Mtafsiri hakusita. "Huyu ni Joni na kaka yake Maiko, wameachiwa nyumba na marehemu baba yao." Filamu ikaenda hivyo saa nzima! Walipokumbatiana kwa machozi mtafsiri akasema wamekumbuka msiba. Watu kibandani wakaguna kwa huruma, mama mmoja akajifuta macho na kanga.

Mwisho mmoja wao akafa. Wallahi kibanda kizima kilinyamaza, wanaume wazima wa Mbagala wanamlilia mwenzao. Nimekaa na tukio hilo miaka ishirini. Wale watu waliwapenda wale wawili, ila mlango waliopitishiwa ulikuwa wa undugu. Wangepitishiwa mlango wenyewe, mabenchi yangeruka.

#8 MamaPacha

Mkuu #7 umenichekesha kisha umeniacha kimya.

#9 Dereva_Rufiji

Huyo mtafsiri alistahili cheo. Yaani hadi urithi wa nyumba kaweka!

#10 Somo_wa_Kibokoni (Mombasa)

Hamjambo. Mimi ni mtu mzima, wajukuu sita. Nasoma hapa "imeletwa na televisheni" na moyo unakataa. Neno lenyewe mnalotumia, shoga, kwetu ni mwanamke kumwita mwanamke mwenzake mpenzi wa moyo. "Shoga yangu njoo unisuke." Likaja kupewa mwanamume anayekaa na wanawake, acheza nao, aimba nao harusini. Lilipewa lini? Kabla ya sanduku lolote la picha kuingia Kibokoni. Nikiwa kigori hapakuwa na harusi ya maana Mji wa Kale bila mmoja wa watu hao kuwa jikoni au kwenye ngoma ya wanawake. Tuliwajua kwa majina, wazazi wao tuliwajua. Alipofiwa mmoja na mamake mtaa mzima ulikwenda kuzika.

Basi msimsingizie Mzungu wala king'amuzi. Kilicholetwa na king'amuzi ni huku kuuliza kwa sauti.

#11 Ustaadh_Tanga

Bi mkubwa, shikamoo. Nakubali kuwa walikuwepo, hakuna anayekataa historia. Lakini umelitaja jambo lenyewe bila kulitaja: sitara. Mtaa ulijua na ukasitiri. Mtu aliishi na udhaifu wake baina yake na Mola wake, jirani hakumfungulia pazia. Televisheni kazi yake ni kufungua pazia. Ndiyo maana kinachomshtua MamaPacha si mtu, ni pazia kufunguliwa sebuleni mbele ya watoto. Kwangu hilo ndilo jibu la swali lake la pili.

#12 Somo_wa_Kibokoni

Marahaba mwanangu. Sitara ni neno zuri, wala silibezi. Ila uulize upande wa pili wa pazia. Yule aliyesitiriwa alisitiriwa kwa masharti: aimbe, achekeshe, asioe kwa moyo wake, asizeeke na mtu. Nilimuona mmoja akizeeka peke yake chumba cha uani, na sisi sote tuliokuwa tukimwita harusini hatukuwa na habari kama amekula. Nami nimo.

#13 Baridi_Minnesota

Wakuu, nimekaa Marekani tangu 1995 kwa hiyo swali la kwanza nililiona kwa macho. Aprili 30, 1997 nilikuwa chumbani na wanafunzi wenzangu, Ellen DeGeneres kwenye tamthilia yake ya ABC mhusika wake akatangaza kuwa anapenda wanawake. Watu kama milioni 42 waliangalia. Kituo kimoja cha Birmingham, Alabama kilikataa kuirusha. Mwaka uliofuata ikaja tamthilia yenye mhusika mkuu shoga, Will & Grace.

Angalieni sasa takwimu za Gallup, wale wa kura za maoni. 1996 waliounga mkono ndoa za jinsia moja walikuwa asilimia 27. 2022 walikuwa 71. Joe Biden mwenyewe, Mei 2012 akiwa makamu wa rais, alisema kwenye televisheni kuwa Will & Grace ilielimisha Wamarekani kuliko karibu kitu kingine chochote. Sasa nani atabisha?

#14 Hesabu_Ngumu

Nitabisha mimi.

Moja kufuata lingine si kwamba la kwanza limezaa la pili. Jogoo huwika kabla ya jua, halafu? Umeruka sehemu ya hadithi, mkuu #13: baada ya kipindi kile matangazo ya biashara yalikimbia, na Ellen ikafutwa 1998. Watazamaji hawakugeuka kwa usiku mmoja.

Kabla ya hapo Marekani ilikuwa imepitia miaka 15 ya UKIMWI. Familia zilizika watoto wao wa kiume, wengi wakijua ukweli wa mtoto wao akiwa kitandani hospitali. Baada ya hapo watu wakaanza kujitaja kwa ndugu, kazini, kanisani. Ukimjua mpwa wako, unapiga kura tofauti. Televisheni ilikuja kuvuna shamba lililokwisha limwa.

#15 Baridi_Minnesota

Shamba lililimwa, sawa, lakini mbegu? Chuo Kikuu cha Minnesota, hapa hapa ninapoishi, Edward Schiappa na wenzake walichapisha tafiti mwaka 2005 na 2006. Waliona kuwa wanafunzi walioangalia vipindi vyenye mashoga walikuwa na chuki pungufu, na uhusiano huo ulikuwa na nguvu zaidi kwa wale wasiokuwa na rafiki shoga maishani. Maana yake mhusika wa televisheni anashika nafasi ya jirani usiyekuwa naye. Sasa fikiria nchi ambayo kila mtu anadhani hamjui hata mmoja.

#16 Hesabu_Ngumu

Wanafunzi wa chuo cha Minnesota siyo Mbagala. Ila hoja ya jirani nimeipokea.

#17 Jirani_Yeoville (Johannesburg)

Wabongo wenzangu, njooni kusini. Hapa katiba ilikataza ubaguzi kwa mwelekeo wa kimapenzi tangu 1996, na ndoa ziliruhusiwa Novemba 2006. Sheria ilitangulia, watu wakabaki nyuma mbali. Nilifika 2007, napanga chumba kwa mama mmoja wa Kizulu, na kila jioni saa mbili nyumba nzima inakaa kwa ajili ya tamthilia ya Generations ya SABC 1. Wakaingia Senzo na Jason, wanaume wawili weusi, wanapendana. Wao kwa wao, siyo Wazungu! Mama mwenye nyumba siku ya kwanza alisimama akaenda kuosha vyombo kwa kelele. Siku ya pili akaosha vyombo mlango ukiwa wazi. Wiki iliyofuata akawa ameketi, anamlaumu Jason kwa nini anamwumiza mtoto wa watu.

Mwanawe wa kiume akahama sebuleni kabisa, hakurudi mpaka wale wahusika walipoondoka. Nyumba moja, kipindi kimoja, kila mtu na yake.

Utafiti wa Pew unasema waliokubali ushoga Afrika Kusini walikuwa asilimia 32 mwaka 2013, na 54 mwaka 2019. Katiba ilikuwa na miaka 17 ndipo wakawa 32. Kwa hiyo sheria peke yake haikutosha. Ni Generations? Sijui, ila nilimuona yule mama.

#18 Wakili_Nakuru

Kwa utafiti huo huo wa Pew, Kenya ilikuwa asilimia 1 mwaka 2002, 8 mwaka 2013 na 14 mwaka 2019. Kidogo, lakini imepanda, na imepanda wakati bodi inafunga kila kitu. Wanaosema kufunga kunazuia mtazamo kubadilika wanijibu hapo.

#19 Ustaadh_Tanga

Simu, wakili. Bodi inafunga televisheni, mtoto ana simu chini ya mto.

#20 Bandari_Mtwara

Nami nina takwimu itakayowavuruga. Nafanya biashara ya kuvuka Ruvuma, nakaa Pemba ya Msumbiji miezi minne kwa mwaka. Mwaka 2016 Afrobarometer walitoa ripoti ya nchi 33, waliuliza watu kama wangejali kuwa na jirani shoga. Nchi nne tu ndizo zaidi ya nusu walisema hawajali au wangependa: Cape Verde 74, Afrika Kusini 67, Msumbiji 56, Namibia 55. Msumbiji, majirani zetu! Makabila ni yale yale, Wamakonde na Wamakua pande zote za mto, Waislamu na Wakatoliki pande zote.

Nina nadharia yangu. Ukiingia nyumba yoyote Pemba jioni, inaangaliwa novela ya Kibrazili. Miaka na miaka. Na Wabrazili wana mashoga kwenye tamthilia zao tangu zamani, mpaka Januari 2014 kituo chao cha Globo wakaonyesha wanaume wawili wanabusiana saa ya watu wote, mwisho wa Amor à Vida. Cape Verde nao wanaangalia hizo hizo. Sisi tumekulia filamu za Kihindi za kuimba kwenye miti.

#21 Dereva_Rufiji

Usiguse filamu za Kihindi mkuu, zimenilea.

#22 Hesabu_Ngumu

#20, nadharia tamu lakini ina matundu. Namibia hawazungumzi Kireno, wamefikaje 55? São Tomé wanaangalia novela hizo hizo, kwenye ripoti hiyo hiyo hawakufika nusu. Na Angola, wakubwa wa novela, mwaka 2015 televisheni ya taifa ilisimamisha tamthilia yao wenyewe, Jikulumessu, baada ya wanaume wawili kubusiana. Watu walikasirika vibaya sana. Ilirudi baadaye, lakini hasira ilikuwepo pamoja na Wabrazili wote hao.

#23 Wakili_Nakuru

Mimi ningetazama sheria kuliko novela. Sisi tulirithi kifungu cha Mwingereza. Kenya ni kifungu cha 162, miaka 14 jela. Tanzania ni cha 154, miaka 30 hadi maisha. Msumbiji waliondoa chao 2015 karibu bila kelele. Mahali ambapo jambo ni jinai, mhusika wa televisheni anaonekana kama mhalifu anayepewa mlo. Jirani naye anakuwa kama mshirika wa uhalifu.

#24 Bandari_Mtwara

Lakini wakili, Namibia walikuwa bado na sheria ya jinai wakati wa ripoti ile na wakafika 55. Nawe una tundu.

#25 Wakili_Nakuru

Nimeliona. Nakwenda kulifikiria.

#26 Mtaa_wa_Saba

Naona tumesahau ile filamu ya Kenya iliyoshinda Oscar, Rafiki, ya wasichana wawili wanaopendana. Ilipigwa marufuku kwao.

#27 Wakili_Nakuru

Haikushinda Oscar, na haikupelekwa hata kushindania. Mfululizo ni huu. Wanuri Kahiu aliitengeneza kutokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, iliyopata Tuzo ya Caine ya waandishi wa Afrika 2007. Mei 2018 ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa kwenye tamasha la Cannes, Ufaransa. Kabla ya hapo, mwishoni mwa Aprili, KFCB walikuwa wameifungia nyumbani. Ili ifae kuteuliwa kwa Oscar ilipaswa ionyeshwe nchini siku saba, ndipo Kahiu akaenda kortini. Septemba 21, 2018 Jaji Wilfrida Okwany akasimamisha marufuku kwa siku saba, watu wazima tu. Akasema haamini kuwa Kenya ni jamii dhaifu kiasi cha misingi yake kutikisika kwa kutazama filamu. Kenya hatimaye ikapeleka Supa Modo. Aprili 2020 Jaji James Makau akaiunga mkono bodi.

Lakini swali la MamaPacha limenirudisha kwenye jambo moja. Kahiu alisimulia kuwa bodi ilimtaka abadilishe mwisho. Wasichana wawili wanapigwa na umati ndani ya filamu hiyo, hilo halikuwa tatizo kubwa. Tatizo lilikuwa kwamba mwisho una matumaini. Wangetubu, au wangeumia mpaka mwisho, pengine ingepita.

#28 Kibanda_Umiza

Kama yule wa kwangu aliyekufa.

#29 Chai_ya_Kericho

Nilikuwepo Prestige Plaza, Ngong Road, wiki ile. Tiketi zilikuwa zimeisha, nikapata ya onyesho la mchana. Nilidhani nitakuta vijana wa nywele za rangi pekee. Nikaketi karibu na mama amevaa suti ya kanisani, yuko na binti yake mkubwa. Wakati umati unawapiga wale wasichana, yule mama alimshika bintiye mkono, hakuuachia mpaka taa zilipowashwa. Hawakusemezana. Sijui walikuwa na stori gani. Nimewafikiria sana kuliko hata filamu.

#30 Dereva_Rufiji

Huyo Mutua si ndiye aliyesema simba wa Maasai Mara wapewe ushauri nasaha? Au nimeota?

#31 Wakili_Nakuru

Hukuota. Novemba 2017, zilisambaa picha za simba wawili dume mmoja juu ya mwingine. Akasema watengwe wachunguzwe, na kwamba huenda wameiga watalii.

#32 Dereva_Rufiji

Simba hawana hata king'amuzi.

#33 Msimamizi_2

Simba waacheni. Rudini kwenye mada.

#34 Zai_wa_Ng'ambo (Unguja)

Mada ndiyo hiyo. Mbona mwanamume kuvaa nguo za kike kwenye televisheni tunapenda? Joti akivaa gauni akaigiza bibi, nyumba nzima imelala chini kwa kicheko, babu pia. Kenya Flaqo na Mama Otis wake, leso kiunoni, watoto wanamwiga. Hakuna bodi iliyosema wanaharibu watoto wa kiume. Kwa hiyo si nguo, wala si mwanamume kulegeza sauti. Tunachokataa ni nini hasa?

#35 Ustaadh_Tanga

Kuigiza kwa kuchekesha kila mtu anajua ni kuigiza. Nami sikipendi, ila ni tofauti na kumwonyesha mtoto kuwa hiyo ni nyumba kama nyumba yao.

#36 Zai_wa_Ng'ambo

Basi umesema mwenyewe. Akichekesha ruhusa, akiwa na nyumba hapana.

#37 Mgeni_0417

Nimesoma tangu ukurasa wa kwanza. Nimefungua jina jipya ili niandike haya, na sitasema niko mji gani, mtaelewa kwa vifungu alivyovitaja wakili.

Mimi ni mmoja wa mnaowazungumzia. Nimekua kwenye nyumba ya televisheni moja, watoto watano. Kila alipotokea mtu wa aina yangu kwenye skrini alikuwa wa kuchekwa: mkono umelegea, pochi begani, anafukuzwa na watu mtaani. Kaka zangu wakicheka, nami nacheka. Nilicheka kwa sauti kuliko wote maana nilijua mtu asiyecheka ataangaliwa. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nilikuwa naangalia ile televisheni nikijifunza jinsi ya kutoonekana.

Nikiwa na miaka 24 nikaona kwa mara ya kwanza, kwenye simu, tamthilia ya nje, wanaume wawili wanabishana nani amesahau kulipia umeme. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyevaa pochi. Nililia kama mtoto. Kwa ajili ya bili ya umeme!

Ustaadh, sikulaumu, umeandika kwa adabu na nimekuheshimu. Umesema mtoto akiona jambo mara kumi litakuwa la kawaida kwake. Mimi niliona mara elfu kuwa mimi ni kichekesho, na likawa la kawaida kwangu.

#38 Somo_wa_Kibokoni

Mwanangu, nimekusoma. Ulale salama hapo ulipo.

#39 Ustaadh_Tanga

#37, msimamo wangu katika dini haujahama na sitakudanganya kuwa umehama. Lakini kumcheka mtu hakumo katika msimamo huo. Tumekatazwa watu kuwacheka watu. Kama katika majlisi zangu nimewahi kucheka, na nimewahi, nisamehe. Sitarudia.

#40 Mgeni_0417

Nimekusamehe.

#41 Mtaa_wa_Saba

Mimi bado naona ni ajenda. Kampuni za nje zina fedha, zinaingiza mhusika mmoja kila kipindi hata pasipohitajika. Netflix hao hao. Huyo ndugu #37 namwonea huruma lakini tusichanganye.

#42 Jirani_Yeoville

Generations imeandikwa na Waafrika, kwa Kizulu, Kisotho na Kixhosa. Rafiki imetengenezwa na Mkenya kutoka hadithi ya Mganda. Ajenda ya nje ipi?

#43 Mtaa_wa_Saba

Fedha mkuu, fuata fedha. Rafiki ilikuwa na wafadhili wa Ulaya.

#44 Kibanda_Umiza

Filamu gani ya Afrika Mashariki inayofika Cannes bila mfadhili wa Ulaya? Hata ingekuwa ya ndoa takatifu na ng'ombe kumi wa mahari ingekuwa na fedha za Ulaya. Watengenezaji wetu hawana pa kukopa, hilo nalo tulifungulie uzi wake.

#45 Hesabu_Ngumu

Naunga mkono uzi wa fedha. Na Bandari_Mtwara, nimefikiria tena Namibia: wanapata televisheni ya Afrika Kusini. Huenda nadharia yako haijafa, imebadili lugha tu. Ila hapo inabidi ueleze Botswana, nao wanaipata, na hawakufika nusu.

#46 Bandari_Mtwara

Nipe wiki. Nikivuka nitauliza wamama wa Pemba wenyewe, wao hawana haja ya ripoti.

#47 MamaPacha

Wakuu, asanteni. Nimesoma yote, mengine mara mbili. #37 nimesoma mara nyingi zaidi.

Leo mchana kipindi kile kimerudiwa. Nilikuwa na rimoti mkononi, nikaketi nao. Sijui kama nimefanya vema na baba yao hajajua. Wale baba wawili wakatokea, nikamtazama binti kwa jicho la pembeni nikingojea. Hakuniuliza chochote juu yao. Alichouliza ni kwa nini yule mtoto anaruhusiwa kwenda kulala kwa rafiki yake na yeye nimemkatalia kwenda kwa akina Neema tangu Pasaka.

#48 FundiKisimbuzi

Hapo usilegeze dada. Mtoto wa miaka saba asilale kwa watu.

#49 Zai_wa_Ng'ambo

Kwani kwa akina Neema ni watu? Sisi tumelala kwa majirani utoto wote.

#50 Ustaadh_Tanga

Fundi yuko sahihi. Zamani siyo sasa.

#51 Somo_wa_Kibokoni

Zamani ipi mwanangu? Zamani mie nilikuwako. MamaPacha, huyo Neema mamake unamjua?

#52 MamaPacha

Namjua, tunasali pamoja. Baba yake ndiye simjui vizuri.